Vimeng'enya na Mafuta: Kazi ya Kuvunja na Kazi ya Kuunga

Mhariri wetu ameniomba niandike juu ya jambo moja la kemia ambalo hata mzazi asiyepata kusoma kemia aweza kulifuata mpaka mwisho. Nimechagua mafuta, maana sijapata kuona nyumba isiyo na mafuta. Pwani kuna ya nazi, Kigoma kuna mawese, Singida na Dodoma kuna ya alizeti, na kwa wafugaji kuna samli. Tena kila mama ajua ya kuwa mafuta huharibika. Kopra ikianikwa vibaya, mafuta yake hutoka na harufu mbaya na ladha ya kuwasha kooni. Samli ikikaa siku nyingi bila kusafishwa vema hunuka hata mtu akageuza uso. Watu husema, imechacha, na neno hilo latosha jikoni.

Kwa kweli yako mambo mawili yanayoyaharibu mafuta. La kwanza ni oksijeni ya hewani, nami sitalizungumza leo. La pili ni maji yakisaidiwa na kimeng'enya, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu vimeng'enya vya jamii hiyo hiyo inayoharibu samli vimewekwa na watu katika kazi iliyo kinyume kabisa. Huchukua asidi zilizomo katika mafuta na kuziunga ziwe vitu vipya, vingine vyenye kunukia kama matunda, vingine chakula cha watoto wachanga.

Kwanza yafaa tujue mafuta ni kitu gani. Aliyelifumbua jambo hili ni Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, ambaye mwaka wa 1823 alichapisha kitabu juu ya mafuta ya wanyama, akaonyesha ya kuwa mafuta ni muungano wa asidi pamoja na kitu kizito na kitamu ambacho leo twakiita gliseroli. (Mzee huyu alifariki mwaka wa 1889 akiwa na umri wa miaka 102. Wale wanaosema maabara hufupisha maisha wafikiri tena.) Ukitaka kuiona molekuli ya mafuta kwa akili, fikiri uma wenye meno matatu. Kishikio ni gliseroli, na kila jino ni asidi moja ya mafuta, yaani mnyororo wa kaboni. Mafuta ya nazi yana wingi wa asidi ya lauriki yenye kaboni 12. Mawese yana asidi ya palmitiki yenye kaboni 16 na asidi ya oleiki yenye kaboni 18. Samli, pamoja na nyingine nyingi, ina asidi fupi ya butiriki yenye kaboni 4 tu, na hiyo ndiyo inayonuka inapoachwa huru. Wasomaji walishike neno moja zaidi: uma huo una meno mawili ya kando na jino moja la kati. Nitalirudia jino la kati baadaye, maana lina habari yake.

Pale jino linaposhikana na kishikio pana kiungo kiitwacho esta. Kiungo hicho kikifungwa, molekuli moja ya maji hutoka. Kikivunjwa, molekuli moja ya maji huingia. Anayetaka kuyafahamu yote yanayofuata na alikumbuke jambo hili la maji.

Ama kimeng'enya, wako wenzetu, hata wa kidato cha tatu, wanaodhani ni mdudu mdogo asiyeonekana. Sivyo. Kimeng'enya ni protini iliyokunjwa kwa umbo maalumu, hakili wala hakizai. Jambo hili lilithibitika mwaka wa 1897, Mjerumani Eduard Buchner aliposaga hamira mpaka chembe zake zikapasuka, akakamua maji yake, na maji yale yasiyo na hamira hai hata moja yakageuza sukari kuwa alkoholi. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1907. Kimeng'enya huifanya kazi ya kemia iende upesi bila chenyewe kuliwa na kazi hiyo. Lakini kikipashwa moto sana katika maji umbo lake huharibika, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe katika sufuria, na hapo huwa hakifai tena.

Kimeng'enya cha mafuta huitwa lipesi. Sisi tunayo katika kongosho, nayo humwagwa katika utumbo chakula kipitapo. Mfaransa mwingine, Claude Bernard, ndiye aliyeonyesha kazi ya kongosho juu ya mafuta, na mwaka wa 1856 alitoa kitabu kizima juu ya habari hiyo. Lipesi nyingine zimo katika ukungu, katika hamira, katika mbegu zinazoota, tena zimo kwa wingi katika nyama ya chikichi. Hii ndiyo sababu wenzetu wa Kigoma huchemsha chikichi kabla ya kuzitwanga, wala hawaziachi zikae siku nyingi zikichubuka. Chikichi ikichubuka, lipesi iliyokuwa mbali na mafuta hukutana nayo, na asidi huanza kuachwa huru saa ile ile. Maji ya moto huizuia. Wazee walioanza desturi hii hawakusikia jina la lipesi, lakini dawa yao ndiyo ile ile inayotumiwa katika viwanda vikubwa vya mawese, ambako matunda hupikwa kwa mvuke kwanza. Na kwa upande wa pwani, kopra hutakiwa ikaushwe mpaka maji yaliyobaki ndani yake yawe kama asilimia 6. Yakizidi sana, ukungu huota, na ukungu huja na lipesi zake.

Muhula huu mwalimu wetu wa biolojia alituonyesha kazi ya lipesi kwa macho. Alitia maziwa kidogo katika mrija wa kioo, akaongeza maji ya sodiamu kaboneti na matone machache ya dawa iitwayo fenofthalini, na maziwa yote yakawa ya rangi ya waridi. Kisha akatia lipesi, akauweka mrija katika maji ya uvuguvugu. Baada ya dakika chache rangi ilififia, mwisho maziwa yakawa meupe kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Asidi zilizoachwa huru zilikuwa zimeumaliza uchungu wa ile kaboneti. Katika mrija wa pili alitia lipesi iliyokwisha chemshwa, na mrija huo ulibaki na rangi yake ya waridi mpaka kengele ya chakula cha mchana.

Basi hiyo ndiyo kazi ya kuvunja. Je, kuunga kwatoka wapi? Hapa ndipo nilipopenda somo hili, nami naomba msomaji anifuate polepole.

Ndani ya molekuli ya lipesi mna mfuko mdogo, na ndani ya mfuko mna asidi amino moja iitwayo serini, ambayo ndiyo mkono wa kufanyia kazi. Lipesi nyingi zina kifuniko juu ya mfuko huo, na kifuniko hufunguka kinapogusa uso wa mafuta. Umbo la lipesi ya ukungu mmoja uitwao Rhizomucor miehei lilitangazwa mwaka wa 1990 baada ya kuchunguzwa kwa eksirei, na wachunguzi waliuona mfuko umelala chini ya kifuniko chake. Kazi yenyewe huwa na hatua mbili. Katika hatua ya kwanza serini hulishika jino la uma, hulitenga na kishikio, na kwa kitambo kidogo sana asidi hubaki imeshikamana na kimeng'enya chenyewe. Katika hatua ya pili hungojewa mwenye kuipokea. Yakija maji, maji huichukua, asidi ikaenda zake huru, na hivyo ndivyo samli inavyochacha. Lakini mlangoni pakiwa na alkoholi mahali pa maji, basi alkoholi ndiyo itakayopewa, na hapo huzaliwa esta mpya ambayo haikuwako. Pakiwa na gliseroli, huzaliwa mafuta. Lipesi haiulizi jina la mpokeaji.

Mfano wake ni kivuko cha Magogoni na Kigamboni kule Dar es Salaam. Asubuhi watu wengi hutoka Kigamboni kwenda mjini, na jioni wengi hurudi. Chombo ni kile kile na injini ni ile ile, wala nahodha hachagui abiria waende upande gani. Akizidisha mwendo, amezidisha kwa pande zote mbili. Ndivyo ilivyo lipesi. Huharakisha kuvunja, na huharakisha kuunga vile vile. Upande wenye umati ndio utakaosafirishwa zaidi. Katika maji mengi umati ni wa maji, kwa hiyo mafuta huvunjika. Ukiyaondoa maji na kujaza alkoholi na asidi, umati umehamia ng'ambo ya pili.

Watu wawili wa Marekani, Joseph Kastle na Arthur Loevenhart, waliliona jambo hili mapema, wakaliandika mwaka wa 1900. Walichukua asidi ya butiriki, wakaichanganya na alkoholi pamoja na maji ya kongosho, na kongosho ambalo kila kitabu kilisema ni la kuvunja mafuta likawaungia esta iitwayo ethili butireti. Esta hiyo hunukia kama nanasi. Nawaomba wasomaji walifikiri hilo: asidi inayotufanya tuikimbie samli iliyochacha, ikipewa alkoholi ya kushikana nayo, hugeuka harufu ya nanasi bivu.

Hata hivyo, waliyoipata ilikuwa kidogo, kwa kuwa maji yalikuwa mengi. Kwa miaka mingi watu waliamini ya kuwa kimeng'enya bila maji ni kama samaki bila maji. Kisha mwaka wa 1984 Aleksey Zaks na Alexander Klibanov, wa chuo cha MIT huko Marekani, walichukua lipesi ya kongosho la nguruwe ikiwa unga mkavu, wakaitia katika mchanganyiko wa mafuta na alkoholi usio na maji ila kidogo sana, wakapasha moto mpaka nyuzi 100. Lipesi ile ile ambayo katika maji ya moto hivyo huharibika papo hapo, ilifanya kazi na ikaendelea kwa saa nyingi. Protini ikiwa kavu huwa ngumu, haikunjuki upesi. Lakini isiwe kavu kabisa, maana inahitaji molekuli chache za maji zilizoigandamia ili iweze kujongea kidogo inapofanya kazi.

Rafiki yangu tunayelala bweni moja aliuliza swali zuri nilipomweleza haya. Alisema, "Kama kila kiungo kikifungwa hutoa maji, je, maji hayo hayatarudi kuvunja kilichoungwa?" Yatarudi, ndiyo. Kwa hiyo viwandani huyanyonya kwa pampu kadiri yanavyotoka, ili umati usirudi upande wake wa zamani.

Sasa narudi kwa jino la kati, na hapa wazazi wasikilize.

Mwaka juzi mama yangu alijifungua mdogo wetu wa mwisho, kisha akaugua, na kwa muda wa wiki mbili daktari alimkataza kunyonyesha kwa ajili ya dawa alizokuwa akitumia. Mama alikuwa akikamua na kumwaga ili maziwa yasikauke, na mtoto akalelewa kwa maziwa ya kopo aliyoandikiwa hospitali. Uzito wake uliongezeka vizuri, lakini choo chake kilikuwa kigumu. Alijikunja na kulia usiku, na nyumba nzima hatukulala. Bibi alisema maziwa yale yametiwa chokaa. Muuguzi alitutuliza kwa kusema ya kuwa jambo hilo huwapata watoto wengi wa maziwa ya kopo, akatuonyesha jinsi ya kupima unga na maji kwa uangalifu zaidi. Mama alipopona alirudi kunyonyesha, na shida ile ikaisha.

Nilipouliza shuleni, mwalimu wetu wa kemia aliniambia ya kuwa bibi hakuwa mbali sana na ukweli. Katika mafuta ya maziwa ya mama, karibu robo ya asidi, au chini yake kidogo, ni palmitiki, na sehemu kubwa ya palmitiki hiyo, yapata theluthi mbili au zaidi, imekaa katika jino la kati. Lipesi ya kongosho hukata meno ya kando tu. Kwa hiyo palmitiki hubaki imeshikwa na kishikio, na kipande hicho chenye jino moja hupita kwa urahisi kuingia mwilini. Lakini kiwanda kikitumia mawese kama yalivyo, palmitiki yake nyingi imekaa kando. Hukatwa, huachwa huru, hukutana na kalsiamu ya maziwa, na palmitiki na kalsiamu zikishikana hufanya sabuni isiyoyeyuka, ndugu ya ule utando mweupe unaobaki katika karai mtu akifua kwa maji ya kisima yenye chokaa. Sabuni hiyo hutoka chooni, choo kikawa kigumu, na mtoto akapoteza mafuta na kalsiamu kwa pamoja. Sisemi ya kuwa kila choo kigumu cha mtoto hutokana na hilo, wala makala hii si cheti cha daktari. Lakini sababu hii imechunguzwa na ni ya kweli.

Je, aweza mtu kulihamisha jino? Ukitumia dawa ya kawaida ya kemia, meno yote matatu huchanganywa ovyo kama karata, la kati na ya kando sawasawa. Hapo ndipo lipesi inapoishinda, kwa sababu lipesi ya Rhizomucor miehei, kama ile ya kongosho, hugusa meno ya kando peke yake. Basi huchukuliwa ile sehemu nzito ya mawese, ambayo umma zake nyingi zimejaa palmitiki katika meno yote matatu, huchanganywa na asidi ya oleiki pakiwa na maji machache tu, na lipesi hutiwa. Lipesi hung'oa palmitiki za kando na kuweka oleiki mahali pake. Ya kati haiguswi. Kinachopatikana ni mafuta yenye palmitiki katikati na oleiki mbili kando, kama yalivyo mengi ya mama. Tangu miaka ya 1990 mafuta ya namna hiyo yametiwa katika baadhi ya maziwa ya watoto.

Nilipomweleza baba habari hizi wakati wa likizo, aliuliza bei. Makopo yenye mafuta hayo ni ghali kuliko ya kawaida. Baba ni fundi cherehani, na hupima bei ya kila kitu kwa idadi ya sare za shule atakazoshona. Alihesabu kwa vidole, akanyamaza. Kisha akasema afadhali mama asiugue. Nami naona hapo pana kazi kubwa iliyobaki, maana mtoto wa fundi ana utumbo ule ule wa mtoto wa tajiri, na mawese yenyewe hutoka katika nchi za joto kama yetu.

Chokoleti nitaitaja kwa maneno machache. Mafuta ya kakao yana sifa ya kuwa magumu mkononi na kuyeyuka mdomoni, kwa kuwa umma zake zina oleiki katikati na asidi ngumu za palmitiki na steariki kando. Miaka ya 1970 watafiti wa kampuni ya Unilever walionyesha ya kuwa lipesi ya kugusa kando yaweza kutia steariki katika mafuta yatokanayo na mawese mpaka yakafanana na ya kakao. Ni ufundi ule ule wa maziwa, isipokuwa huu ni kwa ajili ya anasa.

Kuna na mafuta ya kujipaka. Baadhi ya esta laini zinazotiwa katika mafuta ya ngozi huungwa kutokana na asidi ya miristiki, ya kaboni 14, ambayo imo katika nazi. Kwa njia ya zamani asidi hiyo hupikwa na alkoholi katika joto kali pamoja na asidi kali ya madini, na mara nyingi kinachotoka huwa na rangi na harufu isiyotakiwa, hata kikahitaji kusafishwa tena. Sisi wenyewe tulitengeneza esta maabara kwa asidi ya salfuriki, na tone moja likatoboa koti la mwenzetu. Kwa lipesi, joto la nyuzi 60 hivi latosha. Inayopendwa sana kwa kazi hii ni lipesi B ya hamira iitwayo Candida antarctica. Hamira hiyo ilipatikana katika ziwa Vanda huko Antaktika, mahali penye baridi ya kutisha, na bado lipesi yake hustahimili joto ambalo mkono wa mtu hauwezi kulivumilia. Huganda juu ya shanga ndogo za plastiki, kazi ikiisha shanga huchujwa na kutumiwa tena mara nyingi, maana kimeng'enya ni ghali na hakuna mwenye akili anayekimwaga. Kwa sabuni ya mche sioni haja nayo. Magadi makali ya sabuni ni rahisi, na sabuni hutoka vizuri.

Nimeiacha nyonyo mwisho kwa kusudi. Mbarika, mti uzaao nyonyo, huota wenyewe nyuma ya mabweni yetu na kando ya barabara nyingi. Wasichana hupaka mafuta yake nywele, na wazee huyajua kwa kazi nyingine ambayo haifai kusimuliwa wakati wa chakula. Mti huu asili yake ni upande huu wa Afrika, ingawa leo India ndiyo inayoongoza kwa kilimo chake. Mbegu yake ina lipesi, na mwaka wa 1902 Wajerumani watatu, Connstein, Hoyer na Wartenberg, waliandika jinsi ya kuvunja mafuta kwa kutumia nyonyo zilizosagwa zenye uchachu kidogo, bila moto mkali. Njia hiyo iliingia hata viwandani. Lakini la ajabu zaidi ni asidi yake. Karibu asilimia 90 ya asidi za mafuta ya nyonyo ni moja tu, iitwayo risinoleiki, yenye kaboni 18, nayo ina kitu ambacho asidi za nazi na mawese hazina: katika kaboni ya 12 pameshikamana oksijeni na haidrojeni, kama kilivyo kichwa cha alkoholi.

Iko hamira iitwayo Yarrowia lipolytica ambayo hupenda kula mafuta. Ikipewa mafuta ya nyonyo, lipesi yake huiacha huru asidi, kisha vimeng'enya vingine ndani ya chembe zake huanza kuukata mnyororo, kaboni mbili kila mzunguko: 18, 16, 14, 12, 10. Baada ya mizunguko minne kaboni 8 zimetoka, na kile kichwa cha alkoholi kilichokuwa katika kaboni ya 12 sasa kimo katika kaboni ya 4. Hapo kiko karibu na kichwa cha asidi, vichwa viwili hivyo vikashikana, molekuli ya maji ikatoka, na mnyororo ukajifunga kama pete. Kitu hicho huitwa gama-dekalaktoni, nacho hunukia kama pichi. Aliyewahi kupita sokoni Lushoto wakati wa mapichi aijua harufu hiyo. Hutiwa katika maziwa ya mgando na peremende, na kwa kuwa kimetengenezwa na kiumbe hai kutokana na mafuta ya mmea, sheria za Marekani na za Ulaya huruhusu kiitwe harufu ya asili. Kazi yenyewe yataka uangalifu, kwa sababu ukichelewa hamira huendelea kukata, na harufu uliyoitafuta huliwa. Hesabu ya kukata nimeirudia mara nyingi katika daftari langu, na kila mara hunifurahisha kuona 12 ukiondoa 8 ikileta pichi.

Naongeza onyo kwa wadogo zetu wa kidato cha kwanza: mbegu ya nyonyo ina sumu kali iitwayo risini, hata mbegu chache zikitafunwa zaweza kuua. Sumu hiyo ni protini, hubaki katika mashudu mafuta yanapokamuliwa vizuri. Mbegu zisichezewe.

Chama chetu cha Sayansi kimeamua kupima jambo moja dogo muhula ujao, yaani asidi iliyoachwa huru katika mafuta ya nyumbani kwetu. Chombo cha kupimia tunacho. Mafuta huyeyushwa katika spiriti, hutiwa fenofthalini, na magadi makali yaliyopunguzwa nguvu hudondoshwa mpaka rangi ya waridi itokee na kukaa. Kadiri matone yanavyozidi, ndivyo lipesi ilivyofanya kazi zaidi. Wanaokwenda likizo Mafia na Pangani waleta chupa mbili ndogo za mafuta ya nazi, moja ya kopra iliyokauka vema na moja ya kopra iliyoanikwa wakati wa mvua. Wa Kigoma walete mawese ya chikichi zilizochemshwa siku ile ile zilipovunwa, na ya chikichi zilizokaa siku tatu. Kila chupa ibandikwe karatasi yenye tarehe na jina la mahali, na ikabidhiwe kwa mwalimu wa kemia siku ya kufungua shule. Nyonyo zisiletwe bwenini, kwa sababu niliyokwisha kuitaja.